Kikapu cha Tangbao Mtaa wa Waislamu, Xi'an

Muulize Mwislamu yeyote wa kwetu aliyesoma Shanghai ni chakula gani kilimtia majaribuni. Hatakutajia bia. Atakutajia xiaolongbao. Karibu kila mtaa una dirisha la kioo linalofuka mvuke, vikapu vya mianzi vimepangwa kimoja juu ya kingine hadi usawa wa kichwa cha mpishi, na mbele yake foleni ya watu wanaowahi kazini, kila mmoja simu mkononi tayari kwa kulipa. Harufu inayotoka hapo ni ya unga wa ngano ulioiva, tangawizi na supu nzito. Unasimama kidogo, unameza mate, unaondoka zako kutafuta duka la tambi la Lanzhou lenye kibao cha kijani kilichoandikwa halali. Tambi zile ndizo zilizotulea wanafunzi Waislamu, na wenyewe tulikuja kujua baadaye kwamba wengi wa wenye maduka hayo hawatoki Lanzhou, wanatoka mkoa jirani wa Qinghai. Lakini hata mtu awe mpenzi wa tambi kiasi gani, miaka inapita na dirisha la mvuke liko palepale.

Kwa asiyeijua: xiaolongbao ni kidonge cha unga kilichosukumwa chembamba, kikawekwa nyama ya kusaga katikati, kikafungwa juu kwa marinda, kikapikwa kwa mvuke. Mpaka hapo hakuna la ajabu. Ajabu ni kwamba ukiking'ata, kinamwaga supu. Supu ya moto, tele, kijiko kizima. Ndiyo maana wengine huita jamii nzima ya vyakula hivi tangbao, yaani zile zenye supu, na ndilo jina nitakalotumia hapa.

Nimewahi kuwasikia watu wazima, wenye shahada zao, wakibishana kwamba ile supu hupigwa kwa sindano. Hakuna sindano. Mtu yeyote aliyewahi kulaza supu ya makongoro kwenye friji anajua siri yote: asubuhi ukifungua sufuria unakuta imeganda, inatikisika, unaweza kuikata kwa kisu. Iliyofanya kazi hapo ni gelatini iliyotoka kwenye ngozi na kano. Mpishi wa Shanghai anachemsha ngozi ya nguruwe kwa saa kadhaa, anaiacha ipoe mpaka igande, anaikatakata vipande vidogo na kuvichanganya na nyama ya kusaga. Akifunga manda, ndani kuna kitu kigumu, kwa hiyo hakimwagiki. Joto la mvuke likiingia, kile kigumu kinarudi kuwa supu, na manda imeshaiva imeizuia isitoke. Ni akili ya jikoni tu.

Na hapo ndipo shida ya Mwislamu inapoanzia, maana xiaolongbao ya kawaida ni kitimoto mara mbili: kwenye nyama, na kwenye supu yenyewe. Hata ile inayotangazwa kuwa ya kaa, mara nyingi kaa amechanganywa na nguruwe, na supu ni ileile ya ngozi. Huwezi kumwambia muuzaji akutolee nyama akuachie supu.

Wenyewe wanasimulia kwamba chakula hiki kilianzia Nanxiang, mji mdogo ulio sasa ndani ya wilaya ya Jiading pembeni mwa Shanghai, mwaka 1871, kwa mfanyabiashara aitwaye Huang Mingxian. Mwaka 1900 likafunguliwa duka karibu na bustani ya Yuyuan katikati ya mji, na mpaka leo watalii wanapanga foleni pale. Upande wa pili wa bahari, Taipei, kuna Din Tai Fung, iliyoanza mwaka 1958 kama duka la mafuta ya kupikia na baadaye ikageukia tangbao. Hao ndio walioufundisha ulimwengu kuhesabu marinda: 18, wala si 17. Wapishi wao wamesimama nyuma ya kioo na barakoa kama madaktari wa upasuaji, na wateja wanapiga picha.

Mimi marinda hayanisumbui. Rinda ni njia ya kufunga, na likizidi sana, pale juu panakuwa na fundo la unga lisiloiva vizuri. Nakubaliana zaidi na Christopher St. Cavish, mwandishi wa chakula aliyeishi Shanghai, ambaye mwaka 2015 alitoa matokeo ya kazi moja ya kichaa: alizunguka maduka 52 ya mji huo na mizani, mkasi na kipimo cha unene, akazikata tangbao za watu, akapima uzito wa supu, uzito wa nyama na unene wa manda. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: nyama nyingi na supu nyingi ndani ya manda nyembamba ndiyo alama ya juu. Marinda hayakuingia kwenye hesabu. Ningemwongezea kipimo kimoja tu, cha muda. Dakika ngapi zimepita tangu kikapu kitoke kwenye mvuke mpaka kufika mdomoni? Kwa maoni yangu hicho ndicho kinachoamua karibu kila kitu, na ndicho nilichojifunza Xi'an.

Xi'an ndiyo Chang'an ya zamani, mji mkuu wa enzi ya Tang, mwisho wa Njia ya Hariri. Wafanyabiashara Waislamu kutoka Uajemi na Arabuni walifika huko, wengine wakaoa, wakabaki. Wajukuu wao ndio Wahui: sura ya Kichina, lugha ya Kichina, kofia nyeupe, na jiko lisilojua nguruwe. Mtaa wao uko katikati kabisa ya mji, nyuma ya Mnara wa Ngoma uliojengwa mwaka 1380. Hawa ndio walioichukua tangbao wakaiuliza swali ambalo sisi tulikuwa tunaliuliza tukiwa tumesimama dirishani: hivi lazima iwe nguruwe? Wakatia nyama ya ng'ombe na ya kondoo, na supu wakaitoa kwenye mifupa ya ng'ombe. Wanaiita guantangbao.

Nilipanda treni ya kasi kituo cha Hongqiao, Shanghai, asubuhi na mapema, safari ya saa sita na ushee, nikashuka Xi'an Kaskazini, nikachukua metro hadi kituo cha Zhonglou. Mwenyeji wangu, kijana wa Mombasa anayesomea udaktari huko, alikuwa ananisubiri kwenye ngazi za kutokea. Salamu ilikuwa fupi. "Ndugu yangu, una njaa au unataka picha kwanza?" Nikamwambia swala kwanza, picha baadaye, njaa katikati.

Msikiti Mkuu uko uchochoroni, na ukiingia unaweza kudhani umekosea njia, maana hakuna kuba wala mnara wa aina tunayoijua. Ni nyua zilizofuatana, mapaa ya vigae yaliyopinda pembe, na mnara wa mbao wa pembe nane. Wenyewe wanauhesabia tangu mwaka 742, ingawa majengo yanayoonekana leo mengi ni ya enzi ya Ming. Tukasali adhuhuri na wazee wenye ndevu nyembamba ambao walituuliza kwa ishara tunatoka wapi. Mwenyeji wangu akajibu "Feizhou", Afrika, mzee mmoja akatupa mkono wa pili juu ya ule wa kwanza. Tukatoka.

Mtaa mkubwa wa Beiyuanmen ni wa watalii, na sitaki kuupotezea muda. Kuna mishikaki mirefu kama fimbo, juisi ya komamanga, mikate ya persimoni iliyokaangwa, vijana wanaogonga peremende kwa nyundo za mbao, na spika zinazopiga kelele maneno yaleyale kutwa nzima. Duka maarufu kuliko yote la tangbao, Jia San, liko hapo hapo, kuta zimejaa picha za watu mashuhuri waliokula. Mwenyeji wangu alilipita. Si kwamba ni baya, alisema, ila siku ile ilikuwa Jumamosi na yeye alikuwa na duka lake. Tukakata kushoto, tukakata tena, kelele zikapungua, tukaanza kuona nguo zimeanikwa na wazee wanacheza chesi ya Kichina kwenye vigoda.

Duka lenyewe halikuwa na mlango wa kueleza. Mbele, barabarani kabisa, majiko mawili ya gesi yenye masufuria mapana na nguzo za vikapu juu yake. Nyuma ya majiko, meza ndefu ya chuma na wanawake waliovaa hijabu fupi, mmoja anasukuma, wengine wanafunga. Ndani meza za fomeka, viti vya plastiki, chupa ya siki na kopo la pilipili kila meza, karatasi za kufutia mdomo za kuvuta kutoka kwenye boksi la ukutani. Sakafu inateleza kidogo kwa mvuke. Hakuna anayekukaribisha. Unakaa palipo na nafasi, hata kama ni meza ya familia ya watu wengine, na shangazi mmoja anapita akiuliza bila kusimama: ng'ombe au kondoo? Ukisita, anakuandikia ng'ombe.

Nilikaa nikielekea meza ya kazi kwa makusudi. Yule anayesukuma alikuwa na kijiti chembamba, si kinene kama tunachosukumia chapati, na alikuwa anakizungusha kwa kiganja cha kulia huku mkono wa kushoto unageuza kidonge. Kinachofanyika hapo ni kwamba kijiti hakifiki katikati. Kinapita pembezoni tu, kwa hiyo manda inatoka nyembamba ukingoni na nene kidogo katikati. Sababu yake utaiona baadaye: katikati ndiko kutakakobeba uzito wa supu, na ukingo ndio utakaokunjwa mara nyingi. Manda ikawa inarushwa kwa mfungaji. Huyo alikuwa na ubao mwembamba, anachota nyama kwenye beseni, na nyama ile ukiitazama vizuri ilikuwa inang'aa, imejaa vipande vya supu iliyoganda. Anaibandika, dole gumba la kushoto linakandamiza nyama ndani, vidole vya kulia vinakunja rinda baada ya rinda huku tangbao nzima inazunguka. Sikuweza kuhesabu. Yeye mwenyewe alikuwa anazungumza na mwenzake, wala haitazami. Iliyofungwa ikatua kikapuni na kukaa, imelegea, imebonyea kidogo.

Beseni la nyama lilikuwa dogo. Nililishangaa, kwa wateja wote wale. Mwenyeji wangu akanieleza kwamba beseni kubwa liko kwenye friji nyuma na linaletwa kidogo kidogo, kwa sababu kwenye joto la jikoni supu iliyoganda inaanza kulainika, nyama inalowa, na manda inachanika mkononi. Gelatini huyeyuka kwenye nyuzi joto 35 hivi, na mbele ya majiko yale, mchana wa Xi'an, nyuzi 35 si mbali.

Kikapu kikaja kwetu kabla sijamaliza kupangusa vijiti. Shangazi alikitua mezani kwa mlio, akafunua kifuniko, mvuke ukampanda usoni mwenyeji wangu akatoa miwani. Kumi ndani yake, zimekaribiana bila kugusana, manda zake zimekuwa karibu kuonyesha ndani, na kila moja imekaa chini na tumbo limetanuka pembeni, supu inaonekana inavyocheza ukigusa kikapu.

Wachina wana maneno ya kuikumbusha mikono namna ya kula kitu hiki, na mwenyeji wangu aliyasema kwa Kiswahili huku akitenda: inua taratibu, sogeza polepole, fungua dirisha kwanza, kisha nyonya supu. Unaishika juu kwenye fundo la marinda, si tumboni. Unaitingisha kidogo ibanduke kwenye kitambaa cha kikapu. Unaitua kwenye kijiko cha kaure ulichokishika kwa mkono wa kushoto. Unang'ata upenyo mdogo pembeni, unasubiri pumzi moja mvuke utoke, unanyonya. Halafu ndiyo unatia siki na pilipili, unaila.

Supu ile ilikuwa na uzito wa mifupa iliyochemka usiku kucha, tangawizi mbele, na nyuma yake ile pilipili ya huajiao inayofanya ulimi uwe kama umepigwa ganzi nyepesi. Nyama laini, si ya kutafuna. Siki ya Shaanxi, mkoa wenyewe wa Xi'an, inayakata mafuta. Ya kwanza nilikula kimya. Ya pili pia. Kwenye ya tatu nikaanza kueleza habari za Shanghai, madirisha, miaka yote ile, na mwenyeji wangu akaninyooshea kijiti. "Utazungumza baadaye. Hizi hazikungoji."

Alikuwa sahihi, na sababu yake iko kwenye mafuta. Mafuta ya nguruwe hubaki laini hata chakula kikipoa. Mafuta ya ng'ombe na ya kondoo huganda mapema zaidi. Kila aliyewahi kuacha sahani ya nyama ya mbuzi ikapoa anajua ile nta inayobaki kwenye kaakaa. Kwa hiyo tangbao ya Kihui ina adabu kali kuliko ya Shanghai. Ile ya nguruwe ukichelewa, unakula kitu kilichopoa. Hii ya ng'ombe ukichelewa, supu inakuwa nzito, mafuta yanashika midomo, na wakati huohuo manda ya chini imeshaanza kuinywa supu na kulegea, ukiinua inachanika na yote inabaki kikapuni. Upande wa juu nao unakauka na kukaza. Ubora wote unaosifiwa ulidumu dakika chache, nawe ulikuwa unapiga hadithi.

Ukilielewa hilo, viti vya plastiki na shangazi asiyesalimia vinaanza kuwa na maana. Duka zima limepangwa kufupisha njia kati ya mvuke na mdomo. Majiko yako mbele ili kikapu kisisafiri. Wateja wanaingia na kutoka haraka, kwa hiyo kila kikapu kinafungwa, kinapikwa na kuliwa ndani ya muda mfupi, hakuna kinachokaa kusubiri mnunuzi. Hata kule kukalishwa na watu usiowajua kuna faida yake: hamna mazungumzo marefu. Baba wa ile familia tuliyokaa nayo alinisogezea kopo la pilipili, akainua kidole gumba, akaendelea kula.

Safari hiyohiyo, usiku, tulialikwa na mfanyabiashara mmoja kwenye mgahawa wa halali wa kifahari upande mwingine wa mji. Mazulia, taa za kioo, mhudumu mwenye glovu. Tangbao zao zilikuwa nzuri kwa macho, ndogo, marinda yamenyooka sawasawa. Zilitoka jikoni ghorofa nyingine. Zikazungushwa kwenye meza ya duara, yule mfanyabiashara akasimama kutoa shukrani, mkalimani akatafsiri, nasi tukajibu kwa heshima zetu zote. Nilipofungua dirisha la yangu, supu ilikuwa vuguvugu na juu yake pana utando. Ukweli, sikuona kosa la mpishi. Chakula kilikuwa kimepelekwa mahali pasipokifaa.

Kule uchochoroni tuliagiza pia uji wa nafaka wenye tende za Kichina na zabibu, mtamu, ambao ndio desturi kula pamoja na tangbao, na soda ya machungwa ya Bingfeng kwenye chupa ya kioo. Uji sikuumaliza. Soda nilirudia, maana pilipili ya Shaanxi haina mchezo. Bili yote ya watu wawili, vikapu, uji na soda, ilikuwa chini ya bei ya kahawa mbili za Shanghai zenye povu lililochorwa majani.

Tangu wakati ule nimekuwa nikiwasumbua jamaa wenye migahawa Tanga na Dar. Makongoro yapo na bei yake si kubwa. Watu wanaojua kusukuma manda za sambusa nyembamba kama karatasi wapo kila mtaa wa pwani, ingawa itabidi wajifunze unga laini zaidi. Vikapu vya mvuke mafundi wa ukindu na mianzi wanaweza. Kinachogomba ni friji ya uhakika, kwa sababu kwenye joto la Dar ile supu iliyoganda haikupi hata nusu saa ya kuifungia, na umeme ukikatika katikati ya kazi umebaki na beseni la supu yenye nyama. Mmoja ameniambia atajaribu alfajiri, kabla jua halijapanda, auze kwa watu wa supu na chapati wanaotoka msikitini. Hilo linaweza kufanya kazi.

Kwa atakayefika Xi'an kabla ya huyo kufungua: shuka Zhonglou, pita chini ya Mnara wa Ngoma, usisimame kwenye spika. Tafuta duka ambalo majiko yako nje na wanaofunga unawaona kwa macho. Agiza kikapu kimoja kimoja, hata kama mko wanne na mna njaa ya safari. Vikapu vitatu vikija kwa mpigo, viwili vitapoa mkitazama. Cha pili kiagize zikiwa zimebaki tatu. Ukiulizwa ng'ombe au kondoo, anza na ng'ombe, kondoo aje na kikapu cha pili, ulimi ukiwa umeshazoea. Simu iweke mfukoni mpaka wakati wa kulipa.